Nani Aingie Chumbani na Mzee

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza. Jambo ninalotaka kukueleza halihitaji haraka, ingawa karibu kila aliyehusika nalo alikuwa na haraka, na haraka yao ndiyo iliyonikera kiasi kwamba hata leo nikikumbuka nahisi joto shingoni.

Nilikuwa tabibu Nyakato, mjini huko Usukumani, miaka ile soko huria lilipoingia na watu binafsi wakaruhusiwa kufungua zahanati. Kila nyumba yenye baraza upande wa barabarani iligeuka duka la dawa. Zahanati niliyofanyia kazi mimi zamani ilikuwa duka la ushirika. Ukutani bado zilionekana alama za rafu za sukari na sabuni. Chumba changu cha kuonea wagonjwa kilitenganishwa na benchi la wanaosubiri kwa pazia la kitenge tu. Mtu akikohoa ndani, wa nje wanampa pole.

Mimi ni mtu wa Kagera. Kisukuma changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni: mwangaluka, ng'ombe hawajambo, inauma wapi. Kwa hiyo nilieleza kwa Kiswahili, na nilipenda kueleza. Niliamini, na bado naamini, kwamba mgonjwa anayejua anachomeza ni nusu ya tiba. Mwenye zahanati, mfanyabiashara aliyeanzia kwenye mitumba, hakuniunga mkono.

"Dokta, unaongea na mgonjwa mmoja kama unamuaga anakwenda Ulaya," aliniambia. "Benchi limejaa."

"Namweleza ugonjwa wake."

"Mweleze kwa sindano. Wenzako kule barabarani mtu anaingia, anadungwa, anatoka ameridhika."

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Walitoka wameridhika.

Asubuhi moja aliletwa mzee mmoja, mfugaji kutoka ng'ambo ya Usagara, aliyekuwa amefikia kwa mwanawe hapo Nyakato. Alitembea ameinama kama anatafuta kitu kilichoanguka. Tumbo la chini lilikuwa limekaza kama ngoma iliyotoka kuanikwa juani. Alikuwa hajapata mkojo tangu jana yake, na jioni ile walikuwa wamekwenda duka la dawa wakauziwa vidonge vya kuongeza mkojo. Hebu fikiria: pipa limeziba bomba la kutokea, halafu wewe unaongeza maji. Mzee alikuwa anapasuka.

Niliwatoa watu, nikamwingiza mpira wa mkojo. Mfuko ulipoanza kujaa, mzee alifumba macho akavuta pumzi ndefu, kisha akasema neno kwa Kisukuma ambalo sikulielewa lakini sikuhitaji kutafsiriwa.

Kazi niliyoipenda ilianza hapo. Nilimpima kwa kidole kwa njia ya nyuma, nikakuta tezi imevimba, ile tezi ya wanaume iliyokaa chini ya kibofu, ambayo uzeeni huweza kukua na kuibana njia ya mkojo. Alikuwa na njia tatu. Kwenda hospitali kubwa akapasuliwe, sehemu iliyokua itolewe. Au kukaa na mpira, ukibadilishwa kila baada ya muda, na kuvumilia homa zinazoweza kuja nao. Au tuutoe baada ya siku chache tuone kama njia itafunguka yenyewe, jambo ambalo kwa alivyokuja sikulitegemea sana. Kila njia ina faida na hasara yake, na mwenye mwili ndiye wa kupima. Mimi ni wa kumpa mzani.

Lakini Kiswahili cha mzee kiliishia kwenye "shikamoo" na "bei gani". Nikamwomba mkwe wake atafsiri, yule mke wa mwanawe aliyemleta. Mume alikuwa kiwandani. Viwanda vya nguo vilikuwa vinapunguza watu, na asiyeonekana zamu moja jina lake ndilo la kwanza kukumbukwa. Huyu mama alikuwa amesoma, Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Alikaa karibu na pazia, khanga imemfunika kichwa, ameupa ukuta uso na kitanda mgongo.

Nikaeleza kibofu. Nikachora kwa kidole hewani. Nikaeleza tezi, nikaeleza mpira. Mkwe akauambia ukuta sentensi moja fupi. Mzee akajibu, "Ee."

Nikaeleza hospitali, kupasuliwa, kukaa wodini. Mkwe akasema sentensi fupi zaidi. Mzee, "Ee."

"Amesemaje?"

"Amekubali."

"Amekubali ipi kati ya zile tatu?"

Akavuta khanga mbele. "Amekubali tu, dokta."

Pazia likacheka. Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri na mjukuu mwenye surua akasema kutoka nje, bila kupunguza sauti, "Daktari, unamtesa mtoto wa watu. Huyo ni baba mkwe wake. Unataka ayataje hayo mbele yake?"

"Kwani amemwambia nini?"

"Amemwambia, 'Daktari anasema utapona.' Mara ya pili amemwambia, 'Daktari anasema utapona kabisa.'"

Maelezo yangu yote, na kidole kilichochora hewani, yalikuwa yamemfikia mzee kama utapona na utapona kabisa.

Nilitaka kumkasirikia mkwe, nikashindwa. Kwetu pia mkwe ana mipaka yake. Mama yangu hakuwahi kula mahali ambapo baba mkwe wake angemwona. Usukumani ni zaidi: mkwe wa kike hamwangalii baba wa mumewe usoni, sembuse kutamka njia ya mkojo wake. Yule mkwe alipotoka kununua uji wa mgonjwa alinipitia mlangoni, akasema taratibu, "Niliwaambia nyumbani kwamba si mimi wa kuja. Nani alinisikia?"

Hapo hasira yangu ikapata pa kukaa. Ukoo mzima ulikuwa umemchagua mtu mmoja asiyeweza kabisa kuifanya kazi hiyo, kwa sababu yeye ndiye hakuwa na zamu ya kupoteza.

Alasiri mwana akaja moja kwa moja kutoka kiwandani, nyuzi za pamba zimemganda nyweleni. Alinisalimia kwa adabu zote, akakataa kuketi.

"Dokta, mimi ndiye mkubwa nyumbani. Nimetoa ruhusa. Wampasue."

"Baba amesemaje?"

"Nitamwambia tukishafika."

"Mkishafika wapi?"

"Hospitali. Akijua mapema atatutoroka. Huyu ukimwambia kisu, kesho yuko machungani."

"Kwa hiyo anajua anakwenda kufanya nini?"

"Kubadilishwa mpira."

Nilimweleza, kwa utulivu niliokuwa naukopa mahali, kwamba mtu hapelekwi kupasuliwa kwa kudanganywa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo la kweli pia: "Dokta, nianzie wapi? Yule ni baba yangu. Mdomo huu umtajie mambo ya huko chini? Wewe baba yako ulimtajia?"

Nikamwambia barua ya rufaa haitatoka mpaka mzee ajue kilichomo. Mwenye zahanati akaitikia kutoka upande wa pili wa pazia, "Dokta, mwandikie mtu barua yake, tufunge."

Ndipo nikauliza swali ambalo hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kunifundisha: "Nyumbani kwenu, ni nani anayemtania mzee?"

Mwana akacheka kwa mara ya kwanza. "Binti wa dada yangu. Yuko viwanda vya samaki, anakata minofu. Lakini dokta, yule hana breki."

"Mlete huyo."

Mzee alilala kwa mwanawe, na kesho yake binti alimrudisha baada ya zamu. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo ya kuwa na watoto wawili watatu, miguuni mabuti ya mpira, harufu ya sangara imemtangulia. "Shikamoo dokta," akasema, kisha akamgeukia babu yake, akaanza kwa Kisukuma, na kila alichosema akanigawia mimi kwa Kiswahili hapo hapo, kama anagawa samaki kwenye masinia mawili.

"Mume wangu, nasikia umeoa mpira."

Mzee akanyanyua kichwa. Tangu jana sikuwa nimeyaona macho yake vizuri. "Umechelewa, mke wangu," akajibu. "Nimeolewa mimi. Na mahari sijaiona."

Unajua kwamba babu na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa maneno. Mambo ambayo mwana hathubutu na mkwe hawezi, mjukuu anayasema akicheka na babu anajibu akicheka, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Njia ilikuwepo muda wote.

Lakini pazia lilikuwa limeanza kusikiliza. Nikawatoa nyuma ya jengo, penye jiko la mkaa tulipochemshia vyombo, nikamtolea mzee kiti changu. Mfuko wa mkojo tuliufunika kwa koti lake.

Nilianza upya. Safari hii nilikatizwa kila mara, na sijawahi kufurahia kukatizwa namna ile.

"Ngoja dokta, hilo ni refu. Kata katikati."

Nikakata katikati.

"Wanaitoa tezi yote au nusu?"

"Ile sehemu iliyokua ndani. Kama kutoa nyama ya chungwa ukaacha ganda."

Akatafsiri, mzee akatikisa kichwa, akasema maneno marefu bila utani wowote. Binti naye akaacha kucheka. Kisha: "Anasema, yupo jirani yake kule nyumbani. Alipelekwa hospitali kwa ugonjwa huu huu, mkojo uliziba. Akarudi wamemfanya maksai. Anauliza kama mnataka kumhasi. Kwa sababu ana mke mdogo nyumbani, na tena anasema hata asingekuwa naye, asingekubali."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekaa kooni mwake. Lilikuwa ndani ya kila ile "Ee." Ukoo mzima ulifikiri anaogopa kisu, na alikuwa anaogopa kuwa dume la kukokota plau.

Ningeweza kusema, "Huo ni uvumi, mzee." Wengi wangesema hivyo, na benchi lingekwenda haraka. Lakini haukuwa uvumi. Iko aina nyingine ya ugonjwa wa tezi, ile saratani, na mojawapo ya njia za kuipunguza kasi ni kuziondoa kokwa. Jirani yake yawezekana sana alikuwa na ugonjwa huo, na walimtibu inavyopasa. Ila hakuna aliyemweleza. Alikwenda na mkojo ulioziba, akarudi bila kokwa, na katikati hapakuwa na neno. Kijiji kizima kikajifunza kwa mwili wake, na sasa mimi nilikuwa nashindana na mwili ule.

"Mwambie jirani yake hakusema uongo," nilisema. Binti akanitazama kwanza, ndipo akatafsiri. "Mwambie kuna uvimbe wa uzee na kuna uvimbe mbaya. Kwa nilivyompima mimi, wake unaelekea kuwa wa uzee, lakini kidole changu hakitoshi. Hospitali watapima zaidi, na nyama watakayotoa wataiangalia pia. Kama ni wa uzee, kokwa haziguswi. Ikionekana ni ule mbaya, lazima wamwite tena, wamweleze tena, na bado ana haki ya kukataa."

"Na nguvu?"

"Wengi hubaki nazo. Wengine hupungukiwa, siwezi kumwapia. Ila mbegu mara nyingi hurudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka mbele, kwa hiyo kupata mtoto mwingine itakuwa shida."

Binti akatafsiri yote, hata hilo la mwisho, akiongezea lake. Mzee akacheka mpaka akashika tumbo. Sikuambiwa aliongeza nini.

Kisha mzee akageukia jiko, anatazama mkaa. Nikamwomba binti amwambie asirudie maneno yangu. Aniambie yeye, kwa maneno yake, amesikia nini. Mzee akaeleza. Alieleza mfereji unaobanwa na jiwe linalokua, alieleza kisu, mpira, homa, mbegu inayorudi zizini. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu nianze kazi.

Halafu akasema, "Nitakwenda nyumbani kwanza."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia mpira ule na safari ya vumbi havielewani, homa inaweza kuingia, kitanda hospitali hakimsubiri mtu. Nilisema sana. Yeye alinisikiliza kama nilivyomsikiliza mwanawe.

"Umesema njia ni tatu," binti akatafsiri. "Au ulikuwa unamtania? Anataka kumwambia mke wake kwa mdomo wake mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu wa machungani. Akimaliza atakuja."

Nilikuwa nimeomba mtu aamue akijua, na alipoamua akijua, nilitaka aamue ninavyotaka mimi. Bado sijaona vizuri namna ya kuimeza hiyo. Nikamfundisha kuosha mpira kwa sabuni, kunywa maji mengi, kutoinua mfuko juu ya kiuno, na dalili za kutosubiri hata kidogo: mpira kuziba, au homa ya kutetemeka. Binti akamwambia, "Ukitetemeka kama ndama aliyenyeshewa, mume wangu, usitafute mganga wa kienyeji wala duka la dawa. Tafuta gari."

Mwana alikuja kunilaumu. "Umemwachia mzee aamue?" alisema, kama vile nimemwachia mtoto kisu. Mwenye zahanati hakulaumu. Alitoa kiti changu nyuma ya jengo akakirudisha ndani, akaniangalia, akaenda zake.

Na homa ilikuja. Kabla ya mwezi kwisha mzee alitetemeka akiwa zizini. Watu wake wakataka kuchemsha mizizi. Yeye akawaambia wamfikishe Usagara njia panda, na asubuhi alikuwa hospitali kubwa, akiwa bado ana akili zake na jibu la kila swali. Walimpa dawa za homa, akatulia, ndipo habari ya kupasuliwa ikarudi.

Nilikuwa nimekwenda kumwona siku hiyo. Daktari kijana alipita na karatasi ya idhini mkononi, akauliza bila kumtazama aliyelala, "Ndugu wa mgonjwa yuko wapi? Aje aweke saini."

Mwana akasogea. Nilihisi lile joto la shingoni. Nikafungua mdomo, lakini mzee alikuwa amekwisha kuinua dole gumba juu ya shuka.

"Mwenye tezi ni mimi," akasema, kwa Kiswahili kile cha sokoni, taratibu, neno kwa neno. Sijui alijifunza lini. Kisha akauliza, "Mke wangu yuko wapi?"

Muuguzi akatoka kumtafuta bibi. Akarudi na mwanamke mrefu mwenye mabuti.

"Hatuna muda mrefu," daktari akasema.

"Hata sisi, daktari, nina zamu," binti akajibu. "Kwa hiyo anza. Na ukate katikati, yakiwa marefu siyabebi."

Daktari akaanza. Mwanzoni alisema kwa hasira, baadaye akavuta kiti. Mzee aliuliza tena habari ya maksai, akajibiwa tena, ndipo akaweka dole gumba mwenyewe.

Ilikuwa tezi ya uzee. Alipona akarudi kwa ng'ombe wake, na siku moja binti akanipitia na ujumbe: "Anasema umwambie yeyote atakayeuliza, yeye si maksai." Natamani ningeishia hapo.

Lakini baadaye alikuja mtu mwingine kutoka upande ule ule wa Usagara, mzee mpole, amefuatana na binti yule yule. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa yule jirani. Alitaka kujua alifanywa nini, miaka ile, na kwa nini. Nilikaa naye nyuma ya jengo penye jiko. Nilimwambia ninachoweza kukisia, na nisichoweza nikamwambia sikijui. Kwamba huenda tiba ile ndiyo sababu yuko hai. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja.

"Ningekubali," akasema mwishowe. "Ila ningemweleza mke wangu kabla."

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi ndani. Pazia la kitenge lilikuwa bado liko pale pale, benchi limejaa, na mwenye zahanati, yule mtu wangu wa mitumba, anakohoa ili nisikie.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, fanya hivi. Siku utakapompeleka mzazi wako kwa daktari, kabla jina lake halijaitwa, mtoe pembeni mkiwa wawili tu, umuulize: "Unataka nani aingie na wewe?" Atakayemtaja, mtafuteni huyo hata kama yuko zamu. Naye akiingia, wewe kaa kwenye benchi usubiri.